Bibi Harusi wa Kilo Hamsini

Nacheka leo, lakini siku ile ardhi ingenimeza ningeishukuru. Ukifika Panda, hapa Likasi, usiulize anakoishi Mama Jeanne mshonaji, hutapata jibu. Uliza Mama Cinquante Kilos, yaani Kilo Hamsini, utaletwa mpaka mlangoni, na (kabla hujaniangalia tumbo) jina hilo halihusu uzito wangu hata kidogo.

Ilikuwa miaka ile kampuni ya madini imeanguka, mishahara haionekani, maduka yameporwa, na mimi, kwa kichwa changu hiki, nikaona huo ndio wakati hasa wa kuacha kuitwa fundi cherehani na kuanza kuitwa styliste, mbunifu wa mavazi! Nilikuwa na njia yangu: sianzi na kitambaa, naanza na mwendo, namwambia mteja atembee uani nimtazame, ndipo nachora. Furaha, binti wa jirani aliyekuwa anaolewa, alipotembea nilimwona anainamisha mabega kama mtu anayeomba radhi, nikajua papo hapo: gauni lenye mikono ya puto, mikubwa, inayosimama, imnyanyue! Nilisisimka hadi bukari, ugali wetu, ikaungua jikoni. Tena mama mmoja mwenye duka la nguo Lubumbashi angekuja harusini, na akilipenda gauni, basi jina langu limefika mjini.

Tatizo, kitambaa kigumu cha kutia ndani ya ile mikono hakikupatikana sokoni. Nikatupia jicho mifuko mitupu ya simenti ambayo mume wangu alileta kutoka kiwanda cha simenti cha Kakontwe, anakofanya kazi. Karatasi ngumu, safi (karibu safi)! Upande wa ndani ulikuwa na vumbi, ungechafua satini, basi huo nikaugeuzia bitana, na upande wenye maandishi nikaulaza chini ya satini nyeupe. Nani ataona?

Jumamosi Furaha akatoka kwao mabega juu, mikono imesimama, wanawake wakapiga vigelegele, nami nyuma yake nikatembea kama niko Paris. Karibu na kanisa mvua ikatumwagikia. Tukakimbia, tukaingia, kwaya ikaanza, Furaha akawa anacheza polepole kuelekea mbele, nikaona maji ya kijivu yanamtiririka hadi kwenye glovu, kisha satini iliyolowa ikagandamana na karatasi na herufi nyekundu zikajitokeza, mkono wa kulia CIMENT, wa kushoto 50 KG.

Shangazi wa bwana harusi akasimama kabisa.

"Eh! Banatuletea bibi ao mufuko ya simenti?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Mabega ya Furaha yakashuka palepale, na hapo ndipo nilipoumia kweli, nikamsahau hata yule mama wa Lubumbashi.

"Mama Jeanne," akaninong'oneza akilia, "sasa miye nitafanya nini?"

"Simama vile uko, mutoto yangu. Usiinamishe kichwa."

Nikatoa mkasi mkobani, nikakata mikono yote miwili mbele ya mchungaji, na kwa kuwa kanisa lile halitaki mabega wazi, nikafungua haraka liputa langu, kitenge kipya cha njano, nikamzungushia mabegani na kubana kwa pini. Kazi nzuri, nakuapia! Nikarudi nyuma hatua mbili niitazame, ndipo nilipohisi baridi miguuni. Nilikuwa nimebaki na jupon tu, sketi ya ndani, tena ya zamani, yenye kiraka kikubwa makalioni.

Kanisa likaangua kicheko cha pili, na hicho walinicheka mimi peke yangu. Lakini Furaha alinitazama, naye akacheka huku machozi bado yapo, kisha akanyoosha mabega mwenyewe, bila karatasi yoyote, akaenda kwa mume wake.

Yule mama wa Lubumbashi aliondoka kabla ya chakula, wala hakuniaga. Jumatatu binamu watatu wa Furaha walinigongea mlango, wanataka magauni yenye mabega ya liputa, "kama ile ya Mama Cinquante Kilos." Jina ndilo hilo, nikaliandika kwenye kibao changu. Ila nimeapa: karatasi yenye maandishi haiingii tena katika nguo ya mtu, na mimi harusini siendi bila jupon mpya.