Nilikataa Kuandikwa Hasara, Dada Yangu Akabaki na Zizi Tupu

Nimekosa. Nasema hivyo kabla sijaanza kujitetea, maana kwa kujitetea mimi ni fundi.

Jina langu silitaji. Ningelitaja, watu wa Musoma na Bunda wangeacha chai ipoe. Niliishia darasa la saba, lakini nimeajiri wenye digrii. Nilianzia Kisorya na nyavu ya kuazima, nikaja nikawa na mitumbwi yangu, kisha malori ya dagaa, kisha nyumba za kupangisha Kabasa. Hakuna aliyenishika mkono! Hakuna, isipokuwa dada yangu. Na ndiye niliyemuumiza.

Nitamwita Nyangeta, siyo jina lake. Mama alipofariki ndiye aliyenilea. Aliuza mihogo kule Suguti ili mimi nipate daftari na kaptula ya shule. Baadaye akaolewa Butiama, mumewe akafariki, akamwachia binti mmoja na zizi la ng'ombe.

Sasa sikia nilichofanya.

Alinijia kijana mmoja, mtafiti, na unga wake kwenye chupa. Unga wenyewe ni ukungu hai. Ukiunyunyiza kwenye pamba unamwingia funza wa vitumba, unamla kutoka ndani mpaka anakauka. Nilimwona kwa macho yangu huyo funza, mweupe kama amepakwa chokaa. Nikasema hapa kuna utajiri! Wakulima wote wa pamba wa Bunda watapanga foleni mlangoni kwangu. Tukaandikisha kampuni, nyumba yangu moja ya Kabasa ikageuka maabara, mimi nikawa mkurugenzi. Nikachapisha na kadi.

Mhasibu nikamchukua Nyafuru, binti wa huyo dada. Kasoma uhasibu, na mdomo anao.

Mwaka ulipoisha akaniletea hesabu. Ukurasa wa mbele ulikuwa wa sera za uhasibu, yaani kanuni tulizofuata katika kuhesabu. Nikauruka. Nikaenda chini kabisa kutafuta faida, nikakuta hasara.

Hasara! Mimi!

"We Nyafuru, hii nini?"

"Hasara, mjomba. Mwaka mzima tumetumia, hatujauza hata pakiti."

"Sijatumia, nimejenga! Majaribio, mishahara ya mtafiti, vyote hivyo ndiyo dawa yenyewe. Andika mali."

"Mashine nimeziandika mali. Utafiti ni gharama. Sera yetu inasema unabaki gharama mpaka tuthibitishe dawa inafanya kazi shambani na itauzika. Shambani kwenyewe hatujafika."

Nikamcheka. "Mwanangu, ng'ombe mwenye mimba mnadani si anauzwa zaidi? Sasa kampuni yangu ina mimba. Andika mimba!"

"Mjomba, wewe mnadani hununuagi mimba ya mdomo. Unamwita mtu wa mifugo aingize mkono, ndipo unatoa hela. Huyu wetu nani ameingiza mkono?"

Mtafiti alikuwa amekaa hapo hapo, akaangua kicheko. Kile kicheko ndicho kilichoniponza. Mtoto niliyemnunulia sare ya shule ananifanya kichekesho mbele ya mwajiriwa wangu!

Nyafuru aliona nimekasirika, akashusha sauti. "Mjomba, hii siyo aibu. Kampuni changa za utafiti zinaanzaga hivi hivi. Mtu anayejua akisoma ataelewa."

"Wewe na sera zako! Badilisha au toka."

Akatoka. Kalamu niliyompa siku ya kwanza aliiacha juu ya zile karatasi.

Nikakodi mhasibu mwingine, mtu wa ndiyo mzee. Akabadilisha mistari michache tu kwenye ule ukurasa wa sera, na gharama zote za utafiti zikahamia upande wa mali. Hasara ikafutika! Nikaonekana mkubwa kuliko nilivyokuwa. Nikatia sahihi kwa kalamu ya Nyafuru.

Ningeishia hapo, ningekuwa nimejidanganya peke yangu. Lakini hela iliniishia, na mashamba ya majaribio yalikuwa yanasubiri. Nikazichukua zile hesabu nikaenda Butiama, kumwomba dada anunue hisa.

Dada alinipikia ugali wa udaga, ule wa mihogo iliyovundikwa, na samaki sato, kwa sababu ndicho nilichokuwaga napenda tangu utoto. Nilipomaliza kula nikafungua karatasi. Hasomi vizuri, kwa hiyo nilimsomea mimi, kwa sauti ya mkurugenzi.

"Mali yote hiyo iko wapi?" akauliza. "Naweza kwenda kuiona?"

"Ni mali ya kitaalamu, dada. Iko ndani ya utafiti."

"Nyafuru anasema haipo."

"Nyafuru ana hasira, nimemwachisha kazi. Huyo mtoto anaona wivu."

Akaosha mikono taratibu, akajifuta kwa kanga yake, akaniangalia. "Mdogo wangu. Hizo karatasi zinasema kweli?"

Jamani! Hapo ndipo ningeweza kuokoa kila kitu. Nilikuwa na ladha ya sato mdomoni bado.

"Zinasema kweli," nikajibu.

"Basi. Mtoto wa mama yangu hawezi kunidanganya."

Siku ya mnada Nyafuru alisimama kwenye mlango wa zizi, amenyoosha mikono, analia. "Mama, usiuze! Mimi ndiye niliyeziandika zile hesabu za kwanza, najua!" Mama yake akamwambia apishe. Ng'ombe wakapita wote. Hela yao akanunulia hisa kwangu, na mimi nikamshika mkono nikampongeza.

Msimu ukafika, tukanyunyiza. Ule ukungu ndani ya nyumba ulikuwa hodari, lakini jua la Bunda liliuua kabla haujamfikia funza. Vitumba vikatobolewa shamba zima. Mtafiti akasema inarekebishika, achanganye na mafuta ya kuukinga na jua, ila anahitaji muda na fedha.

Tukampata mwekezaji, mama mmoja mtu mzima kutoka Mwanza. Nikavaa suti. Nikamwekea hesabu zangu mezani nikisubiri ashangae. Yeye hakukimbilia chini kama mimi. Alifungua ule ukurasa wa sera, akausoma wote, akaurudia.

"Mzee, dawa imeshindwa shambani, na bado utafiti mmeuandika mali. Kwa nini?"

"Sikutaka tuonekane na hasara, mama."

"Mimi nimetoka nyumbani nikijua mna hasara. Nilikuja kuibeba, ndiyo kazi ya utafiti. Lakini kama hili umelipamba, ni lipi lingine sijaliona?"

Akaaga. Chai hakuigusa.

Umeelewa, ndugu yangu? Ile hasara niliyoificha ndiyo aliyokuja kuibeba! Ningeacha karatasi ya Nyafuru kama ilivyokuwa, leo mtafiti angekuwa anachanganya mafuta yake, na dada angekuwa na matumaini. Kampuni ikafa. Hisa za dada hata za kuwashia moto hazitoshi.

Niliuza malori kulipa mishahara. Kilichobaki nikanunulia mtamba mmoja, nikampeleka Butiama kwa mguu, nimemshika kamba mwenyewe. Watu walinitambua njiani.

Dada alikuwa anafagia uwanja. Zizi limeota majani.

"Nimekuletea huyu," nikasema. Halafu, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, nikaongeza haraka haraka, "Ana mimba!" Hata siku ile bado nilitaka sifa.

Nyafuru alikuwa mlangoni, anatuangalia. Dada akapokea kamba, akampapasa yule mtamba mgongoni.

"Nimepokea ng'ombe mmoja," akasema. "Asante, mkurugenzi."

Hajaniita mdogo wake tena. Nikipiga simu anapokea, ananisalimia vizuri, ananiuliza hali kama anavyomuuliza mgeni. Ugali wa udaga sijaula tena kwake.

Wewe uliyejitengeneza mwenyewe kama mimi, nakuomba. Ukiletewa ukurasa wenye neno usilolipenda, usimfukuze aliyeuandika. Mvutie kiti, muulize, msikilize mpaka mwisho, hata kama ni mtoto wako. Mimi nililifuta neno hasara kwenye karatasi, likaenda kukaa kwenye zizi la dada yangu.