Pati kwa Mama Winny

Mimi ni mtu wa kufuli, na nasema mapema ili nisije nikajifanya nilikuwa na akili tangu mwanzo. Tulipohamia nje kidogo ya Litein, mimi na mume wangu Owino aliyepata kazi kiwanda cha chai, nilinunua kufuli nne kabla sijanunua sufuria. Jirani yangu, Esnah Chepyegon, alisimama kwenye ua akinitazama nikizifunga zote nne ili niende sokoni kuuza samaki. Akaniuliza kama kuna mtu nimemfungia ndani.

Yeye mlango wake alikuwa akiurudishia tu. Kwao, kwa Wakipsigis wa rika lake, mpita njia akikuta mwenyewe hayupo anaingia, anajimiminia mursik, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu, anakunywa na kwenda zake. Nilimwambia huo ni wazimu. Akacheka, akanipa bilauri ya hayo maziwa yao ya mkaa, ambayo wakati huo nilikuwa siyawezi.

Esnah ni mjane wa miaka sitini na moja, ana ekari moja ya chai, ng'ombe wawili, na cherehani ya kukanyaga iliyoshona majoho ya kwaya tatu. Binti yake wa pekee, Winny, anafanya kazi ofisini mjini Kericho. Kwa miaka mitatu nilimfahamu Winny kwa sauti tu, maana Esnah akipiga simu huweka spika ili sote tusalimiane.

Wezi walikuja siku ya kuchuma. Siku hiyo haina siri, kwa sababu lori la kubeba majani huja kituoni siku zilezile. Boma zote sita za upande wetu huachiwa kuku. Mimi nilikuwa sokoni. Niliporudi nilimkuta Esnah amekaa kwenye gogo nje, kikapu cha kuchumia bado mgongoni. Nyuma ya nyumba, palipofichwa na ua mrefu wa miiba, bati la jikoni lilikuwa limeng'olewa. Mtungi wa gesi hakuna, redio hakuna, blanketi mbili hakuna. Cherehani walikuwa wamefungua kichwa wakaenda nacho, wakaacha meza na pedali, na pale katikati shimo. Na kabla ya kuondoka walikunywa mursik, wakakitupa kibuyu sakafuni.

"Hata kuosha hawakuosha," Esnah alisema. Hilo ndilo lililomtoa machozi. Nilimvua kikapu mimi mwenyewe.

Kesho yake nilimsindikiza kituo cha polisi. Sasa, majirani zangu hawa wana tabia ya kubadilisha p na b, na sisi watu wa ziwani tukisema shamba mtu anasikia samba, kwa hiyo wanawake wawili tuliosimama mbele ya meza ile tulikuwa mtihani kweli kweli. Afisa aliyekuwa zamu, Ombati, alifungua kitabu kwa upole.

"Waliingia aje, mama?"

"Kwa pati," alisema Esnah.

Afisa aliinua kichwa. "Ulikuwa na pati kwako? Wageni wangapi?"

"Hapana wageni. Mimi nilikuwa kwa chai, nachuma. Wao wakaingia kwa pati."

"Kwa hivyo pati ilikuwa inaendelea na wewe hauko?"

Nilijaribu kusaidia. "Afande, yeye alikuwa samba. Hiyo pati ni ya jikoni, wameng'oa."

Ilibidi Esnah amshike mkono afisa, amtoe nje na kumwonyesha mabati ya paa la kituo. Ombati alicheka mpaka akaketi. Kisha akauliza mlango ulikuwa umefungwa na nini, na Esnah akajibu kwamba haukuwa umefungwa. Afisa aliweka kalamu chini. Wale watu walikuwa wamehangaika kung'oa bati kuingia nyumba ambayo ungeisukuma kwa kidole. Tukacheka tena, sote watatu, na Esnah akacheka zaidi yetu.

Lakini nyumbani hakucheka. Alifua kila nguo iliyokuwa ndani, chafu na safi, kwa sababu hakujua ni ipi imeshikwa. Alianza kulala na panga. Akienda kukamua alikuwa akigeuka nyuma kila mara, na mazoezi ya kwaya akayaacha. Mimi niliona uchungu kumwangalia. Winny alipopata habari alisema kwenye simu, nami nikisikia, "Mama, mwisho wa mwezi ukifika nakuja kukuchukua. Utakaa na mimi Kericho. Hiyo nyumba si ya mtu wa kuishi peke yake."

"Na ng'ombe?" Esnah aliuliza.

"Tutauza."

Alipokata simu aliitazama meza ya cherehani na lile shimo lake. Kisha akaniambia jambo ambalo sijalisahau. "Mama Jairus, wamechukua kichwa ya cherehani. Sasa Winny anataka kuchukua yangu." Hapo nilijua kwamba ana wiki tatu za kuthibitisha kwamba anaweza kukaa kwake bila kuogopa, na kwamba akishindwa ataondoka shingo upande na hatarudi.

Ushauri wangu ulikuwa tayari: kufuli nne, ua uongezwe kimo, mbwa mkali. Esnah alinisikiliza vizuri, kama anavyosikiliza mahubiri, halafu akachukua panga na kuukata ua wa nyuma mpaka ukamfika kiunoni. Nilipiga kelele kwamba amechanganyikiwa. Akaniita nisimame mlangoni kwangu na kuniuliza naona nini. Niliona jiko lake lote, kamba ya nguo, banda la ng'ombe, hata kuku. Ua mrefu ulikuwa umewafichia wezi kazi yao. Nikafyata mdomo, jambo ambalo Owino atakuambia si kawaida yangu.

Bati alilirudisha kwa bolti ambazo nati zake ziko ndani. Mlango aliutia kitasa kinachozama kwenye mbao, ufunguo wa pili akamtumia Winny, akinieleza kwa heshima kwamba kufuli zangu zinazoning'inia nje zinamtangazia kila apitaye kwamba Mama Jairus hayupo. Kibuyu cha mpita njia hakukiondoa. Alikihamishia kibarazani, kwenye rafu. Kisha akapasha msumari moto, akaanza kuweka alama ya ukoo wao, ile wanayokata masikio ya ng'ombe: pengo moja juu, mawili chini. Aliichoma kwenye meza ya cherehani, kwenye kiti, kwenye miguu ya kitanda. Kwenye mtungi mpya wa gesi aliipaka kwa rangi, maana moto na gesi anajua havipatani. Kila kitu nilikipiga picha kwa simu yangu na yake. Mwenye duka la vyombo pale Litein alionyeshwa alama hiyo, na fundi redio, na vijana wa bodaboda, ili siku wakiiona kwingine wajue ni ng'ombe wa nani aliyepotea.

Lakini ilibaki siku ya kuchuma. Esnah aliwaita wanawake wa boma sita, nikiwemo mimi nisiye na hata mche mmoja wa chai. Alisema tu kwamba kuanzia wiki hiyo kila siku ya lori mmoja wetu atabaki, na wengine watamchumia mistari yake. Atakayebaki ataweka moto katika kila jiko ili moshi utoke, ataanika nguo kila boma, atatembea huku na huku. Mellen, jirani yetu Mkisii, aliuliza huyo mlinzi akimwona mtu afanye nini, maana ukipiga mayowe mwizi anakimbia au anakuumiza. Mimi ndiye niliyesema, kwa utani tu, "Aite watu kwa pati."

Walicheka kuvunja mbavu, kwa sababu habari ya kituoni ilishazunguka. Esnah peke yake hakucheka. Alisema hilo ndilo neno. Mwizi akisikia mwanamke anaita, "Pati kwa fulani", atadhani ni mwaliko, ataendelea na mambo yake, na wakati huo watu wanapanda kutoka kwenye chai. Tangu siku hiyo zamu yenyewe ikaitwa pati. Utasikia watu wazima wakiulizana kanisani, leo pati ni ya nani.

Naye Esnah akabadilika mbele ya macho yangu. Panga lilirudi jikoni. Mazoezi ya kwaya aliyarudia. Kichwa cha cherehani hakikupatikana, na aliacha kukizungumzia. Alianza kushona vifungo na pindo kwa mkono, akiwa kwenye kiti kibarazani, njia nzima ikimwona. Mimi nina hasira za karibu na hofu nyingi, na nilikuwa nikimtazama nikitamani angalau nusu ya moyo ule.

Mwisho wa mwezi uliangukia siku ya kuchuma, na zamu ilikuwa yangu. Saa nne asubuhi nilikuwa kwa Mellen nikichochea moto, nikaona pikapu imerudi nyuma mpaka mlangoni kwa Esnah. Mlango wazi. Kijana dereva alikuwa akipakia meza ya cherehani, na mwanamke mwenye viatu vya ofisini alikuwa akimwelekeza atakavyotoa kitanda. Nilikwenda ukingoni mwa shamba nikaita kwa sauti tamu kabisa, "Jamani, pati kwa Mama Winny! Pati!"

Kisha nikashuka hadi kwenye pikapu, nikamsalimu yule mwanamke vizuri, nikachomoa ufunguo wa gari na kuuweka kifuani, mahali ambapo dereva asingethubutu kuufuata.

"Mama, unafanya nini?" mwanamke aliuliza.

"Nangoja wageni," nikamwambia. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ni wa hapa. Hii ni nyumba ya mama yangu."

"Hata wale wa kwanza wangesema hivyo. Mimi nimekaa hapa miaka mitatu. Kila mtoto anayekuja kwa boma hizi namjua. Wewe sikujui."

Alinionyesha ufunguo wa nyumba. Nikamwambia siku hizi ufunguo hata sokoni wanachonga. Wanawake walikuwa wameshafika, vikapu mgongoni, wakaizunguka pikapu. Mellen alishika mguu wa kitanda, akaniuliza huyo mwizi wa kike ametoka wapi. Esnah alifika wa mwisho, akihema. Aliangalia gari, akaangalia kitanda chake, akamwangalia mwanamke.

"Ni Winny," alisema.

Niliona haya kwamba sauti ile ya simuni sikuitambua, nikatafuta ufunguo wa gari kwa haraka isiyo na adabu. Lakini Winny hakuwa akiniangalia mimi. Alisema kwa sauti ndogo, "Mama, nilitaka nipakie kwanza ndiyo usikatae. Nilikuwa naogopa mwizi atarudi na hakuna mtu wa kukuona."

Esnah alitazama wale wanawake wanne waliomzunguka, mikono yao ikiwa na utomvu wa chai. Hakukasirika. Nadhani angekasirika ingekuwa nafuu.

"Winny," alisema, "mwaka huu mwizi amekuja hapa mara moja. Wewe pia umekuja mara moja, ni leo. Na mimi nyote wawili mmenikuta niko kwa chai."

Winny alivua viatu vyake vya ofisini, akashika upande mmoja wa meza ya cherehani, nami nikashika upande wa pili, tukairudisha ndani.