Kichwa Kilichobaki Ukutani

Nyumba yetu ya Malindi ilikuwa na baraza ya mawe nje ya mlango, na hapo ndipo kaka yangu alipokuwa akikaa kila siku baada ya alasiri. Alipenda mafuta ya nazi huyo! Alijipaka nywele mpaka yakamchuruzika shingoni, kisha akaegemeza kichwa ukutani na kuwasomea wazee wa mtaa gazeti kwa sauti. Mamangu alimgombeza kila uchao: "Waniharibia ukuta, wewe!" Na kweli, pale alipoegemea pakaingia doa jeusi la mviringo, sawasawa na kichwa chake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya themanini, wakati watu wakizungumza hata na wake zao kwa kunong'ona. Pwani wanapoegesha wavuvi ilizungushiwa ua, ikasemekana itajengwa hoteli. Mkutano ukaitishwa. Kaka yangu akasimama akauliza, "Nani aliyeiuza?" Swali ni hilo tu, wala hakumtukana mtu. Siku chache baadaye likaja gari, wakamchukua pale pale barazani, gazeti mkononi.

Halafu jamaa yetu mmoja aliyekuwa askari akatuingilia kwa mlango wa uani, akatwambia kaka amefia mikononi mwao na maiti iko Mombasa. Tukaenda. Wakatwambia hawana mtu wa jina hilo. Tukarudi. Sikulia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi, wauona ni wako lakini ukiufinya huhisi kitu. Nilipika, nilifagia, nilijibu salamu. Watu walinisifu kwa subira, na mimi nikawaza, subira gani, mbona sina hata cha kusubiria.

Mamangu yeye alikuwa na jambo moja tu kinywani: "Nataka nimzike mwanangu." Hakutaka kesi wala radhi ya mtu. Alitaka mwanawe aoshwe, avishwe sanda, alazwe karibu na babake.

Asubuhi moja nikafungua mlango nikakuta mtu amelichorea lile doa kiwiliwili. Kwa makaa. Mabega, shati, miguu iliyokunjwa juu ya baraza, na mikono miwili imeshika gazeti lililofunguliwa. Gazeti lenyewe tupu, halina hata herufi. Kichwa kilikuwa kile kile chake cha mafuta, hakikuguswa. Lo! Mamangu aliketi chini kwenye vumbi akakitazama mpaka jua likawa kali. Nani aliyechora, sijui mpaka leo.

Tangu siku hiyo hapana aliyekaa mahali pale. Wanaume walipita wakipunguza mwendo, na wengine wakasema "Asalamu alaikum" kwa ukuta bila haya. Haikupita muda, mtu wa gazeti tupu akaonekana sokoni, akaonekana kwenye ukuta wa ghala, akaonekana mpaka kwenye ule ua wa pwani. Wakimfuta hapa, yuatokea kule.

Ndipo chifu akaja kwetu. Alikaa kwenye kiti tulichomtolea, akanywa chai yetu yote, kisha akasema, "Bi mkubwa, mimi najua unachotaka. Futa hiyo picha ya hapo nje, maana ndiyo mama wa hizo nyingine. Ukifuta, mimi mwenyewe nitafuatilia mwili uletwe."

"Waapa?" mamangu akamuuliza.

"Naapa."

Basi tukamwita fundi wa chokaa siku hiyo hiyo. Akapaka, makaa yakapotea, ukuta ukawa mweupe pepe. Siku ya pili kichwa kikarudi. Kikaanza kwa umanjano, kisha kahawia, kikapanda chenyewe juu ya chokaa. Fundi akacheka kidogo, akasema mafuta hayafichwi na chokaa, yamekwisha kunywewa na ukuta. Akapaka tena. Kikarudi tena.

Chifu alikuja akifoka njia nzima. "Mnanichezea? Mchana mnapaka, usiku mnachora?"

"Njoo uguse," nikamwambia. "Ni mafuta ya nazi hayo, hayajui serikali." Nilipaswa kumwogopa, lakini hata woga wenyewe haukuja. Mamangu akanifinya mkono nikanyamaza. Chifu akasema kichwa kikionekana tena, tusahau habari ya mwili.

Fundi akasema dawa ni moja, kubomoa lipu yote ya pale mpaka kwenye jiwe, kisha kupiga saruji. Akashika tindo na nyundo. Mamangu akasema, "Nipe mie." Yeye ndiye aliyemlea kaka, na pigo la kwanza akalipiga yeye, katikati ya doa. Lipu ikaanguka vipande vipande juu ya baraza. Alipiga mpaka jiwe likaanza kuonekana, ndipo akamwachia fundi amalizie. Kifusi nikakizoa mimi kwa pakacha, nikakimwaga kwenye shimo la njia, magari ya mkono yakapita juu yake. Nilijua ninachokimwaga. Nilikimwaga tu.

Chifu akaja akapapasa saruji kwa kiganja, akaridhika. "Subirini," akasema. "Mtaitwa."

Tukasubiri. Mamangu alinunua sanda, akaitia udi, akaiweka sandukuni. Mwezi wa Ramadhani ukaingia ukatoka. Hatukuitwa. Mwishowe tukavaa mabuibui tukaenda ofisini wenyewe. Kitini tukamkuta mtu mwingine, kijana wa adabu zake, akamwamkia mamangu shikamoo na kumvutia kiti. Chifu yule, akatwambia, amehamishwa.

Mamangu akamweleza yote taratibu, kuanzia pwani mpaka saruji. Kijana akasikiliza, akafungua mtoto wa meza, akafunga, akamtazama.

"Mwili upi, mama?"

Mamangu akasema, "Haya." Nikamsaidia kuinuka.

Tulipofika nyumbani alipita pale barazani bila kugeuza shingo, akaingia ndani, akavua buibui. Nilikuwa nawasha jiko aliponiita.

"Nenda kamwambie imamu," akasema, "Ijumaa wamsalie. Wamsalie hivyo hivyo, bila maiti."