Paa la Ashura

Ashura binti Shaibu alihamia kijiji cha ujamaa mwaka wa Operesheni Vijiji, yeye, mumewe Waziri na binti yao Salma. Kijiji kilikuwa jirani na mdomo wa Mto Ruvuma, nyumba zimepangwa kwa mistari, mapaa ya nyasi karibu yagusane. Ashura alifurahi. Alikuwa mtu wa maneno na kicheko, na sasa aliweza kupiga soga na jirani yake Hadija bila hata kutoka jikoni.

Kiangazi cha kwanza, jiko la Fatuma, jirani mwingine, likashika moto. Watu walifika mbio, mikono mitupu, kila mmoja na ushauri wake. Huyu maji, yule mwiteni mwenyekiti. Mwenyekiti anafika, jiko limeshakuwa jivu. Ashura alijikuta amesimama pale na mwiko mkononi, akajionea aibu.

Mkutanoni akainuka. "Ndugu Mwenyekiti, siku ile upepo ulikuwa umelala. Ungeamka, leo mkutano huu tungeufanyia porini."

Watu wakacheka. Mwenyekiti Lukasi hakucheka. "Basi wewe ndiye kiongozi wetu wa moto."

Ashura akaivalia njuga kazi hiyo. Kila mlango ukawekwa mtungi wa maji na debe la mchanga, marufuku kugusa kwa mapishi. Wanaume wakakata miti mirefu yenye ndoano ya kung'olea nyasi paani. Kila Ijumaa baada ya swala, Ashura aligonga debe tupu, watu wakajipanga kutoka kisimani, ndoo zikipita mkono kwa mkono. Mara ya kwanza maji mengi yaliishia kwenye kanzu za waliotoka msikitini.

"Mama Salma," Waziri alisema akikamua kanzu yake, "moto huu tumeuzima kabla haujawaka!"

Ukafika msimu wa kusafisha mikorosho. Asubuhi moja mtu alichoma majani kando ya kijiji, upepo ukageuka, cheche ikatua paani kwa Hadija. Debe likalia. Hakuna aliyeuliza maji yako wapi. Mstari ulijipanga wenyewe. Lakini nyasi zilikuwa kavu mno, na ndimi za moto zikaanza kuinamia nyumba ya pili. Nyumba hiyo ilikuwa ya Ashura.

Paa lile walikuwa wameliezeka juzijuzi tu. Nyuma yake mstari mzima wa nyumba ulisubiri zamu.

"Ng'oeni paa langu!" akapiga kelele.

"Letu, mke wangu?" Waziri aliduwaa.

"Letu, baba Salma! Vuta!"

Waziri akawa wa kwanza kutia ndoano. Nyasi zikaporomoka, wanawake wakaziburuta mbali, maji yakamwagwa juu ya kuta. Moto ulipofika pale ukakosa cha kula. Hadija alipoteza paa na mkeka mmoja. Watoto wake wote walikuwa wamesimama uwanjani, wazima, wakipiga makofi.

Wiki ile kijiji kizima kiliezeka nyumba mbili, wanaume juu, wanawake chini wakichemsha ming'oko, viazi vya porini, na kuwatania kwa kupinda mistari ya nyasi. Fatuma alijenga jiko jipya mbali na nyumba, wengine wakamwiga. Habari zikafika Nanyamba, nako wakaomba wafundishwe. Ashura akapanda lori kwenda kuwafundisha, kwa mara ya kwanza maishani, kitenge kipya mabegani, akiimba njia nzima, na dereva akamwomba arudie.