Mjukuu Wangu wa Daraja la Tatu

Ulikuwa ule mwaka tuliosonga ugali wa semolina hapa Doha, unga wa mahindi ulipopotea madukani. Mjukuu wangu Neema alikuwa golikipa wa timu ya mpira wa magongo chuoni kwao, daraja la tatu. Mimi shule niliiacha mapema, lakini najua mtoto wa darasa la tatu ameshalipita la kwanza. Nikajitapa mtaa wetu mzima wa Al Mansoura. Jirani yangu Mama Brenda aliposema bintiye anacheza daraja la kwanza, nikamshika bega. “Pole, mama. Naye atavuka tu.”

Timu zao zikakutana kirafiki. Wasichana wa kina Brenda walipiga mpira kama risasi. Wetu waliufukuza kama kuku aliyetoroka. Neema akafungwa mabao kumi na manne. Nikasimama jukwaani kando ya Mama Brenda, nikapayuka, “Mnashindwaje na watoto wa darasa la kwanza?”

Neema akavua kofia yake. “Shosho, ni daraja, si darasa. La kwanza ndilo la juu. Sisi ndio wa chini kabisa.”

Watu wakaangua kicheko. Masikio yakaniwaka moto.

“Shosho, mwombe Mama Brenda msamaha.”

“Siombi. Waliohesabu vibaya ni wao.”

“Shosho, tafadhali, wote wanatuangalia.”

“Siombi. Waliohesabu vibaya ni wao.”