Nguo Uliyovaa Ni Wewe

Kwa mwalimu kama mimi, hata likizo huanza na ratiba. Mwaka ule niliiandika kwa kalamu za rangi nikaibandika mlangoni mwa jiko: Jumatatu kuoka keki, Jumanne kuchora, Jumatano hadithi, na kuendelea. Mume wangu, ambaye kazi yake iko Kibondo na hurudi nyumbani Kasulu Ijumaa jioni, aliisoma akacheka, akauliza kengele itagongwa na nani. Nilimwambia aniache. Likizo ile ya Juni tulikuwa na mtoto wa kumpata au kumkosa, na yeye alijua.

Mtoto mwenyewe ni binti yake wa kwanza, aliyemzaa kabla hajanioa. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, na tangu utotoni alilelewa na bibi yake kule Nyakitonto. Masika yale bibi alifariki. Shangazi yake wa hukohuko alimtaka, na mimi nilimtaka. Wakubwa wa ukoo wakakaa, wakaamua kwamba mtoto aje kwetu likizo nzima, na siku shangazi atakapokuja, aseme mwenyewe kama anabaki au anaondoka. Watu walidhani nimemwonea huruma. Hapana. Nilimwona msibani akiwagawia wageni maji, uso mkavu, bila kumruka mtu, nikamtaka tu, kama mtu anavyotaka kilicho chake.

Alikuja na begi moja. Nilimwonyesha kabati, nikamtolea nafasi kwenye rafu ya chini. Akasema, "Asante, Mwalimu." Aliniita Mwalimu kwa sababu mtaa mzima unaniita hivyo. Lakini nguo hazikutoka begini. Kila asubuhi alitoa gauni moja, akafunga zipu, akalisukuma begi chini ya kitanda.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alilitafuta jembe siku ya kwanza. Nikiamka nakuta uwanja umefagiliwa na maji yamejaa ndoo. Siku ya keki tulipaka sufuria mafuta, tukaweka mkaa juu ya mfuniko, na wanangu wawili, wa kiume wa miaka minane na wa kike wa miaka sita, wakapigania mwiko wenye ujiuji wa unga na sukari. Yeye alikuwa ameshaanza kuosha bakuli. Keki iliungua chini ikabaki mbichi katikati, wanangu wakaila hivyohivyo, na yeye akala kipande chake chote kwa adabu, akauliza, "Nifanye nini tena?" Siku ya kuchora alichora haraka nyumba na mti, akakusanya kalamu za wenzake. Siku ya hadithi alisikiliza huku anachambua maharage. Swali lake lilikuwa lilelile kila jioni. Nifanye nini tena? Lilinichoma. Mtoto anayelipia chakula chake kwa kazi hajafika nyumbani, na mimi sikujua namna ya kumwambia kwamba hakuna anayemdai.

Wiki ya pili niliibandua ratiba mlangoni nikawashia mkaa. Wanangu walishangilia, wakadai rede.

Kwa asiyeijua, rede ni mchezo wa kurushiana mpira. Warushaji wawili wanasimama, mmoja huku na mwingine kule. Wengine wanaingia kati, wanakwepa mpira, na huku wanakwepa wanajaza mchanga kwenye chupa tupu. Ukiguswa na mpira umekufa, unatoka. Chupa ikijaa kabla hamjafa wote, mmeshinda. Mpira wetu ulikuwa wa soksi zilizojazwa matambara. Tatizo ni kwamba rafiki yao wa jirani alikuwa ameenda kwa babu yake Gwarama, kwa hiyo wakapungukiwa mtu. Nikaingia mimi, na kiuno changu na kitenge changu. Binti yule nilimtoa jikoni kwa amri, maana kwa ombi asingekuja. Akawekwa kurusha pamoja na mwanangu wa kiume.

Aliwarushia wenzake vizuri, mkono ulionyooka. Ikifika zamu yangu, mpira ulikuja polepole, chini, kama mtu anayemwekea mkwe sahani mezani.

"Mama, dada anakubeba!" mwanangu alilalamika.

"Habebi mtu," nilisema. "Mimi ndiye hodari."

Alikuwa ananibeba, na sote tulijua. Hivyo tukacheza siku baada ya siku, mimi sifi, na yeye akimaliza anaomba ruhusa akaangalie mboga. Nilianza kujiandaa kushindwa. Nilimwambia mume wangu kwamba mtoto akiondoka nisilaumiwe.

Siku ya shangazi ikafika, Jumamosi. Mume wangu alienda stendi kumpokea. Begi lilikuwa limetolewa chini ya kitanda, limesimamishwa mlangoni. Sikutaka kukaa nikilitazama, nikawaita watoto uani. Mwanangu mdogo wa kike alikufa mapema, nikabaki peke yangu kati. Chupa ilikuwa karibu kujaa. Kwa kuwa nilikuwa na hasira na sikujua nimkasirikie nani, nilianza kuringa. Nikazunguka na chupa, nikacheza kiuno, nikawaimbia warushaji kwamba mikono yao ni ya ugali wa jana.

Mpira ukaja. Haukuja polepole. Ulipita ubavuni mwangu kwa kishindo, pindo la kitenge likaruka.

"Umekufa!" binti akapiga kelele.

"Sijafa. Kimeguswa kitenge."

"Umeguswa! Toka!"

"Kitenge si mwili," nikasema, na nilimaanisha. Nilikuwa nataka kushinda.

"Ni mwili! Bibi alisema nguo uliyovaa ni wewe! Bibi alikuwa anakaa pale kwenye mkeka anatuhukumu, na hata yeye akicheza akiguswa kanga anatoka! Wewe unaiba! Kila siku unaiba, Mwalimu!"

Alikuwa analia, mate yanamtoka, kidole kimeelekezwa usoni pangu. Tangu aje hakuwa amemtaja bibi yake hata mara moja.

"Mwakeye," sauti ikatusalimu kwa Kiha nyuma yangu. Mume wangu na shangazi walikuwa wamesimama penye kona ya nyumba. Shangazi alishusha kikapu chake. "Hee! Ndiyo unavyomjibu mkubwa wako? Huku ndiko ulikojifunza haya?"

Nilijua ameona mtoto amekosa adabu kwangu, na wiki zote zile hakuniudhi hata mara moja. Niliweka chupa chini.

"Ana haki, wifi," nikasema. "Nimekufa." Nikatoka, nikasimama ukutani karibu na mwanangu mdogo.

Shangazi alinitazama, akamtazama mtoto. "Umefunga mzigo wako?"

Binti alijifuta pua kwa mkono wa gauni. Alilitazama begi pale mlangoni, kisha chupa kwenye mchanga. "Shangazi, ngoja kidogo," akasema. "Sasa ni zamu yetu kuingia kati."

Shangazi alifungua mdomo, mume wangu akamvutia kiti. Ulipomalizika mzunguko ule binti aliulizwa mbele yetu sote, kama walivyoagiza wakubwa. Akasema anabaki. Alisema kwa haraka, anahema, mchanga ukiwa bado mikononi. Nililia, na sikujificha. Shangazi alisema mcheza kwao hutunzwa, basi tumtunze vizuri, la sivyo atarudi na kikapu kikubwa zaidi.

Tulikula, tukamsindikiza shangazi mpaka barabarani. Niliporudi, vyombo vya mchana vilikuwa vimelundikana kwenye beseni, nzi wameshatua, masizi ya sufuria yamekauka. Hakuna aliyevigusa. Nilikaa kwenye kigoda nikaviosha mwenyewe, kimoja kimoja.

"Mwalimu, bado tu?" aliniita kutoka uani. "Tunakungoja wewe!"

Nikakung'uta mikono, nikakipandisha kitenge, nikakikaza kiunoni kisining'inie popote, nikatoka.