Nikaanzia kwenye Abandon

Mgeni aliniuliza kama yule samaki ni chakula cha huku kwetu kweli au ni chakula cha hoteli tu, nami nikaanzia kwenye abandon.

"Abandon, kutelekeza. Abolish, kufutilia mbali. Abrupt, ghafla." Hivyo hivyo, kwa sauti, mbele ya meza ya watu wanne, aproni mwilini na mwiko mkononi. Swali nilikuwa nimelielewa. Miaka ya jikoni imenifunza kusikia. Na jibu nilikuwa nalo. Neno ni authentic, maana yake kitu cha asili, kisichoghushiwa. Lakini lilikuwa limekaa mwisho mwisho wa herufi A, na mimi njia ya kulifikia naijua moja tu, kupita kwa wenziwe wote waliolitangulia. Mwili nao ukaanza kuyumba, mbele nyuma, mbele nyuma, kama mtoto wa chuo mbele ya msahafu. Mgeni mmoja akaweka uma chini. Mwingine, bibi mwenye kofia, akainamisha kichwa kwa heshima, nadhani alidhani naomba dua. Meneja akaja anatabasamu kwa meno peke yake. Alinifikia nikiwa ndiyo kwanza nimesema, "Atrocious, kibaya cha kuchukiza." Yalibaki machache nifike. Akanishika kiwiko, na wageni wote wanne wakamtazama samaki.

Haya hayakuanza na samaki. Wakosaji wapo, na nitawataja kwa vyeo vyao.

Wa kwanza ni ami yangu, ndugu yake baba. Yeye ndiye aliyenitoa shule nikiwa darasa la nne, akasema msichana akijua kuandika atawaandikia wanaume. Nimeolewa mara mbili na sijaona mwanamume wa kuandikiwa. Waume hao nimenusurika nao, ami naye nimenusurika naye, Mungu amrehemu akipenda. Alichoniachia ni chuo tu, na chuoni nilikuwa hodari. Sura ikiingia kichwani kwangu haitoki. Ila ukinikatia katikati ukaniuliza aya moja, lazima nirudi mwanzo wa sura nije nayo taratibu. Sisi wote tuliosomea pale tuko hivyo, wala si aibu.

Wa pili ni meneja wangu wa hoteli, kule Mkwaja. Siku moja aliingia jikoni, akaonja mchuzi wangu kama kawaida yake, akajifuta mdomo. "Mama, mpishi mkuu anaondoka. Ukipata Kiingereza cha juu, jiko ni lako."

"Hiki nilicho nacho hakitoshi?"

"Hicho cha 'hello, fish, thank you'? Hicho hata kasuku anacho, mama."

Jiko lile nimelipikia tangu lilipokuwa la makuti. Nililitaka, sitaficha. Nilitaka niwe mimi wa kusema leo tunapika nini, badala ya kuambiwa na mtu asiyejua tofauti ya samaki changu na samaki tasi.

Siku zangu za mapumziko narudi nyumbani, Nguvumali. Jirani yangu, muuza vitumbua, ndiye aliyeniletea habari. "Shoga, Chumbageni kuna maalim anafundisha Kiingereza cha juu kwa njia ya maana. Ukishika maana ya neno, neno limekwisha kuwa mali yako." Tukaenda pamoja, yeye kwa udadisi, mimi kwa haja.

Huyo maalim ndiye wa tatu, na ndiye mkubwa wao. Ana nyumba kubwa ya mababu, baraza mbele, minazi ya babake imeuzwa yote, imebaki sauti. Sauti anayo. Angekuwa muadhini, hakuna mtu wa mtaa ule angechelewa swala. Siku ya kwanza alitukalisha barazani, watu wazima watupu, akasema neno bila maana ni kifuu, ukilitikisa halina maji. Nikasema moyoni, hapa nimefika.

Kisha akatuimbisha. Neno na maana yake, neno na maana yake, wote kwa pamoja, na anayekosea anarudi abandon. Hakuna aliyeshangaa. Elimu kwetu ndivyo inavyoingia, kwa sauti na kwa kuyumba. Jirani yangu peke yake ndiye aliyeninong'oneza:

"Shoga, mbona hatusemeshani?"

"Tutasemeshana nini na hatujafika B?"

Maalim akasikia, akacheka. "Nyumba huanzwa msingi, mama zangu. Madirisha yatakuja."

Sitasema maana zenyewe hazikuninogea. Abundant, tele kupita haja: nilikuwa nikiona dagaa wamemwagwa mchangani nalisema peke yangu. Mkwaja nilikuna nazi huku naimba, wenzangu jikoni wakanizoea.

"Leo umefika wapi?"

"Catastrophe, maafa makubwa."

"Basi punguza moto."

Tulipofika devour, kula kwa pupa, maalim alituambia tumehitimu. Jirani akauliza herufi zilizobaki je. Akasema aliyeshika hizi nne za mwanzo nyingine zitamfuata zenyewe. Nikarudi Mkwaja najua maafa na upuuzi na ukatili kwa Kiingereza, sijui ukwaju unaitwaje. Meneja akaniambia Jumamosi hiyo nitoke mwenyewe niongee na wageni, atatazama. Alivyotazama nimekwisha eleza.

Jiko alipewa mpishi kutoka bara. Anajua kuutaja ukwaju kwa Kiingereza, kuutia hajui. Kuutia namfundisha mimi. Samaki, kwa taarifa yenu, aliliwa hadi miba.

Mapumziko yaliyofuata nilikwenda moja kwa moja Chumbageni. Nilimkuta maalim barazani na kundi jipya. Nikampa shikamoo yake, kwa kuwa hasira ni yangu na shikamoo ni yake.

"Marahaba, mama. Habari za jiko?"

"Jiko limekwenda kwa mwingine, maalim." Nikamsimulia yote, wale wanafunzi wakisikiliza.

Akafikiri. "Ulikosea neno?"

"Sikukosea."

"Ulikosea maana?"

"Hapana."

"Toka abandon hadi atrocious, hukuruka hata moja?"

"Hata moja."

"Mashaallah," akasema, akawageukia wale wanafunzi wapya. "Mmemsikia mwanafunzi wangu?"

Wakatikisa vichwa kwa kunistaajabia. Mimi nilikuwa nimekuja kugomba, nikajikuta nakaribishwa kahawa. Niliinywa, sikuiacha, lakini haikunilainisha.

Maalim, ami yangu amekufa na meneja wangu ana mabosi wake wa kumuuliza. Wewe uko hapo hapo barazani, kwa hiyo nakuuliza wewe, na nimeandika ili usinigeuzie tena maneno kuwa sifa. Siku ile kabla sijaondoka, wanao walirudi kutoka shule uliyowapeleka, ile ya Kiingereza kitupu. Walikuwa wanagombania kiatu, na ugomvi wote ni kwa Kiingereza. Mdogo akamtukana mkubwa, mkubwa akajibu papo hapo, hakuanzia popote. Wewe mwenyewe uliwaamua kwa Kiingereza hicho hicho, kisha ukanigeukia ukaniambia, "Watoto hawa, mama, wananichosha." Hukuwakalisha barazani hata mara moja. Hukuwayumbisha. Uliwatupa kwenye maneno wakasemeshwa hadi wakasema.

Kwa hiyo ulijua. Asiyejua ningemsamehe, maana mimi mwenyewe sikujua. Wewe ulijua lugha inavyoingia mtu mdomoni, ukaiweka kwa wanao, na sisi wapishi na wauza vitumbua ukatufundisha njia nyingine. Nijibu, na unijibu kwa Kiswahili ili jirani yangu na hao wapya wako wasikie: kwa nini wao wanasemeshwa, na sisi tunaimbishwa?